Mafunzo ya Treni kwenye Barabara ya Wete

Pemba haina treni, haijawahi kuwa nayo, na sioni dalili kwamba itakuwa nayo. Hata hivyo ndiko nilikojifunza kuendesha treni, tena ile ipitayo chini ya ardhi. Mwalimu wangu alikuwa na gari la abiria la bodi ya mbao, lililokwenda baina ya Chake Chake na Wete kila siku ambayo injini iliridhia.

Mwalimu huyo zamani alikuwa baharia. Aliteremka London, akaajiriwa kwenye treni za chini, akakaa huko miaka mingi, kisha akarudi na koti zito, jino la dhahabu na tabia ya kutazama saa. Wabaya wake pale mtaani Madungu walisema alikuwa akifagia vituo tu. Mimi sikujali. Hata mfagiaji wa huko alikuwa karibu na treni kuliko mtu mwingine yeyote niliyemjua. Nilikuwa nimemaliza skuli ya sekondari, nakaa kwa mama, nasubiri kazi ya ukarani wa karafuu kama mtu anavyosubiri kung'olewa jino. Nilitaka kuondoka. Kwenda wapi, hilo halikunishughulisha sana.

Ndipo ikaja habari kwamba serahangi mmoja, msimamizi wa mabaharia na rafiki wa mwalimu, meli yake itapita Mombasa baada ya msimu wa karafuu, na atamchukua kijana mmoja kumsaidia jikoni mpaka Uingereza. Huko jamaa wa mwalimu wangempokea na kumwingiza kwenye treni. Kijana mmoja tu, na lazima mwalimu amdhamini. Tulijitokeza wawili, mimi na kijana wa kijiji cha Shumba, mrefu, mpole, mwenye subira ya punda.

"Sipeleki mtu wa kwenda kunitia aibu," mwalimu alituambia. "Nitawafunza nyote. Atakayefaa atakwenda, na asiyefaa atabaki achume karafuu."

Kwanza akatueleza jambo lililo muhimu kuliko yote. Dereva wa treni ya chini ana mkono mmoja wa chuma mbele yake, na anaukandamiza kwa kiganja safari nzima. Akisinzia, akizirai au akifa, kiganja kinalegea, ule mkono unaruka juu, na treni inasimama yenyewe.

"Kwa hivyo wanataraji dereva afe?" aliuliza kijana wa Shumba.

"Wanataraji asife. Lakini Mwingereza hamwamini mtu."

Alitutengenezea kifaa. Kilikuwa kisanduku cha chai, juu yake mkono wa breki ya baiskeli, waya, na kengele ya baiskeli. Ukibana, kimya. Ukilegeza, inalia. Mwanafunzi alikaa mbele kando ya mwalimu, kisanduku kimefungwa kwa kamba kwenye ubao wa gari, mkono wa kulia umebana. Kengele ikilia, mwalimu hasemi neno. Anakanyaga breki za gari kwa miguu yote miwili. Abiria, vikapu, kuku na utingo wote wanakuja mbele kwa pamoja.

"Yakhe, gari lina wazimu hili?"

"Treni imesimama," mwalimu hujibu bila kugeuka. "Dereva kafa."

"Basi mfukieni, twende zetu!"

Wiki zile nilikufa sana. Na kilichokuwa kikiniua hakikuwa usingizi, ilikuwa salamu. Kwenye barabara ile kila aliyekaa barazani, kila aliyeinama juu ya jamvi la karafuu, kila aliyebeba kuni, gari likipita huinua mkono, nawe huinua wako. Ukisalimu kwa mdomo tu, na makelele ya injini ile, ni sawa na kunyamaza. Ukiinua mkono wa kushoto umetukana. Kiganja changu kilikuwa kimeshajua kazi hiyo tangu nilipoachishwa ziwa. Nikiona kofia mbali, kinaruka chenyewe, kengele inalia, na kuku wanakuja mbele.

Nilimwomba mwalimu tubane kwa mkono wa kushoto.

"Treni haikutengenezwa Pemba," alisema.

Isitoshe, ilikuwa zama za siasa. Watu walisusiana maduka, visima na magari, na salamu ilikuwa kama kadi ya chama. Nilipoanza kupata ustadi wa kupita na mkono wangu chini, bibi mmoja muuza mihogo, aliyeijua barabara nzima na barabara nzima ikamjua, alikwenda moja kwa moja kwa mama.

"Mwanao kahama chama?"

"Hajahama. Anasomea treni."

"Treni ndiyo chama cha nani?"

Mama mwenyewe hakuyapenda mafunzo yale. "Chini ya ardhi, mwanangu," aliniambia, "kuna kazi moja tu, nayo haina mshahara." Lakini aliniona ninavyozunguka uani jioni kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, na hakunikataza.

Siku ya mtihani ikafika. Tulipakiwa mbele wote wawili, kila mmoja na kisanduku chake, safari hii mapajani bila kamba. Masharti yalikuwa mepesi: kutoka Chake Chake mpaka Wete, ambaye kengele yake italia kwanza ndiye atakayebaki. Tukaondoka. Watu wakainua mikono, sisi tukatazama mbele kama wagonjwa wa shingo. Nyuma ya gari mzee mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Vijana hawa wamezaliwa au wameokotwa?" Mimi nilijiambia kwamba nikishika hivi mpaka Wete, mzee huyu na maneno yake nitawaacha ng'ambo hii ya bahari.

Tulikuwa tumekwishapita nusu ya njia pale jeneza lilipotokea kwenye kijia cha kushoto na kushika barabara mbele yetu, watu wengi nyuma yake.

Kwetu gari haliipiti maiti. Husimama, wanaume wote hushuka, na kila mmoja huingiza bega lake chini ya jeneza hatua chache, amjue marehemu asimjue. Wanawake hubaki garini. Mwalimu alizima injini. Utingo alikwisharuka. Mzee mwenye maneno alishuka, wanaume wote wakashuka. Mwalimu naye akavaa kofia yake vizuri, akafungua mlango, akatugeukia.

"Mtihani unaendelea," alisema, akaenda kubeba maiti.

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa amefumba macho, amebana kisanduku chake kama mtu aliyeshika roho yake isije ikamtoka. Mimi kukaa sikuweza. Nilihisi macho ya wanawake yote kwenye kisogo changu. Wala kuachia sikutaka. Basi nikapata wazo lililoonekana la busara kwa muda wote niliohitaji kushuka garini: nilishuka na kisanduku. Nilikiweka kwapani, mkono wa kulia umebana, nikatangulia kwa bega la kushoto.

Aliyewahi kubeba jeneza Pemba anajua kwamba haliendi polepole. Linakwenda mbio, na watu wanapokezana kwa kusukumana, huyu anaingia, yule anatoka, bega kwa bega, huku tahalili inasomwa. Nikaingia. Nikapata hatua mbili nzuri kabisa. Ya tatu mtu wa nyuma akanipiga kiwiko, kisanduku kikateleza, na kengele ikalia katikati ya *la ilaha illa Llah*.

Kring.

"Mpisheni mwenye baiskeli!" mtu akapiga kelele mbele, bila kugeuka.

Na sisi, watu wa adabu, tukampisha. Jeneza zima likaenda pembeni, wabebaji wakaingia kwenye majani, tukasimama na maiti mabegani tukingoja baiskeli ipite. Haikupita. Shingo zikaanza kugeuka, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikanifikia mimi na kisanduku changu. Wakati ule ningekubali kubadilishana nafasi na marehemu.

Tuliporudi garini, mwenzangu alikuwa bado amebana. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kisanduku, na mkono wa kushoto ulikuwa umempakata mtoto mchanga.

"Kaamua kukaa na wanawake," alinieleza mwenye mtoto, "nasi tukamwambia basi shika mtoto."

"Umeshinda," mwalimu alimwambia. Kwangu mimi aligeuza jino lake la dhahabu. "Na weye umewasimamisha watu elfu chini ya ardhi, wanakwenda kazini."

"Kulikuwa na maiti, mwalimu!"

"Treni haijui maiti."

"Mbona wewe ulishuka?"

"Mimi nimestaafu."

Nililia siku ile, na nikamwambia mama ni vumbi. Kumbe vumbi la mwenzangu lilikuwa kubwa zaidi. Habari ilimtangulia Shumba. Bibi yake, aliyemlea, alimpokea mlangoni na kumwambia kwamba mwanamume aliyekaa na wanawake huku maiti anapita hatapata radhi yake kwenda hata Unguja, seuze London, mpaka kwanza abebe jeneza mbele ya watu, wamwone. Mwenzangu alikubali. Ikabaki kungoja mtu afe.

Watu wa Shumba wakakataa kufa. Msimu ule walikuwa na afya ambayo haijapata kuonekana. Mgonjwa wa miaka mingi alinyanyuka akenda kuvua. Kizee ambaye jamaa zake walikuwa wamekwishamuaga na kusameheana naye aliomba pweza. Kijana wa watu alikuwa akizunguka kijijini akiuliza hali za wazee kwa upole wa kutisha, mpaka wakaanza kumfungia milango. Siku za meli zikakaribia, naye akaja kwa mwalimu, akaweka kisanduku chake mezani.

"Mpe mwenzangu," alisema. "Mimi nimeanza kuwaombea watu mabaya."

Mwalimu akaniita. Hakunipa nafasi ile bure. Ilibidi nirudie mtihani, barabara ileile. Lakini kabla ya hapo nilikwenda kwa wafiwa kuomba radhi, maana nilijua nikipita tena mbele ya nyumba yao na kisanduku, mkono utaniruka kwa aibu tu. Mtoto wa marehemu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba akione kisanduku. Akabana, akaachia, kengele ikalia.

"Ungeipiga mara ya pili," alisema, "labda mzee angeinuka kupisha."

Wakacheka mpaka waliokuwa ndani. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mama yote: kwamba mtihani ni keshokutwa, kwamba ninaogopa, na kwamba siogopi jeneza, naogopa kofia na mikono ya watu. Mama alikuwa akichambua mchele. Alisema, "Haya," akavaa buibui lake, akatoka. Nilidhani nimemchosha.

Siku ya mtihani tuliondoka na gari lililojaa. Nilibana. Nyumba ya kwanza ikaja, na baraza imejaa wanaume kama kawaida. Nikakaza kiganja, nikasubiri mikono iinuke. Haikuinuka. Wote walikuwa wakitazama paa. Mbele kidogo wanawake waliokuwa wakianika karafuu waligeuka kwa pamoja, wakatupa migongo. Mwenye kuni akaingia kichakani. Muuza mihogo alijifunika uso kwa kanga, na kijana wake alipotaka kuinua mkono, aliushika akauteremsha. Kijiji baada ya kijiji, ilikuwa hivyo. Kwa wafiwa walikuwa wamefunga madirisha ya mbele.

Hata mwalimu aliacha kutazama saa. Nilikuwa nimeitamani barabara hiyo miezi mizima, barabara tupu isiyoniomba kitu, na sasa nilikuwa nayo, natafuta kwa macho mtu mmoja mpumbavu atakayejisahau.

Tukafika Wete. "Umepita," mwalimu alisema. "Achia."

Nilirudi jioni. Mama alikuwa chini, amezungukwa na nguo zangu, anazikunja.

"Yuko aliyekusalimu?" aliuliza.

"Hakuna hata mmoja."

"Hata watoto?"

"Hata watoto. Wamenifanya kama si mtu, mama."

"Vizuri," alisema. "Watoto ndio niliokuwa nikiwaogopa." Akalivuta shati jengine, akalinyoosha kwa kiganja juu ya goti.