Simba wa Sudan Aliyezomewa Kitale

Leo baba yangu amenimaliza kwa sentensi moja.

Tulikuwa tunakunywa chai hapa Hai Jalaba, mtaani kwetu tangu turudi Sudan Kusini, mimi, baba na Wafula, fundi wa pikipiki niliyesoma naye Kitale.

Wafula akakumbuka siku mieleka ilipokuja mjini. Wanamieleka kutoka Nairobi, ulingo wa mbao uwanjani, watu hadi juu ya ukuta.

Yule wa kuchukiwa alikuwa jitu lililopakwa masizi, likaitwa Simba wa Sudan. Lilivaa ngozi ya chui, lakini nani alijali.

"Huyu ndiye alipiga kelele kutushinda wote," Wafula akasema, akinigonga bega. "Rudi kwenu, rudi kwenu."

Nikacheka. Ningefanya nini?

Nilikuwa na miaka kumi. Shuleni waliniita mkimbizi. Siku hiyo nilikuwa upande wa wengi, na ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Lakini tiketi alinunua baba, na alikaa kando yangu. Alikuwa amesikia kuna mtu wa kwetu anapigana.

Leo akaweka glasi chini.

"Baada ya mchezo nilienda kumpa pole," akasema. "Nikamsalimia kwa Kiarabu chetu. Akanijibu, samahani mzee, mimi ni wa Busia."

Wafula akaangua kicheko. Baba hakucheka.

"Kwa hivyo aliyeambiwa arudi kwao siku ile nilikuwa mimi."

Mliolelewa Kenya, msinifariji hapa chini. Niambieni tu kama na nyinyi mlipiga kelele.