Samaki Mwenye Kinu Kooni

Ndugu yangu, mwezi uliopita nilirudi kwetu Matema. Shangazi, ambaye hajawahi kupika chakula cha watu wachache, akanitengea mlima wa mbalaga, ndizi zetu za kuchemsha, na juu yake kichwa cha samaki kikubwa kama helmeti ya bodaboda. Nikaanza kupekua kooni mwake kwa ulimi. Hakuna kitu.

"Unatafuta nini humo?" shangazi akacheka. "Huyo wa bwawani. Amekulia pumba."

Nilikuwa natafuta kinu.

Utotoni mwetu, pale mto Lufilyo unapoingia ziwani, kulikuwa na samaki mwenye meno ya ziada kooni, ya mviringo, yamebanana kama punje za mahindi. Kwa hayo alivunja konokono. Bibi alimwita mwenye kinu. Aliyekuta kinu kwenye kichwa cha samaki wake alisamehewa kuosha masufuria, kwa hiyo tulikula vichwa kwa makini kuliko daktari anayepasua moyo.

Lakini karibu na jiwe la kufulia bibi hakutaka kuona ndoano wala wavu. "Kavueni kule mbele," alisema. "Hawa wanatutwangia." Tulizamisha masikio majini tukawasikiliza: ko, ko, ko. Haki ya Mungu, mlio ule ulifika mpaka Malawi, watu wa huko wakadhani tunatwanga mpunga wa harusi! Bibi naye alisugua visigino kwenye lile jiwe, huku povu la sabuni ya mche likielea, hadi vikang'aa, ungeweza kujitazama humo ukanyoa ndevu.

Kisha vikaja vyandarua. Jirani yetu ndiye aliyeanza kukokota chake pale jiweni, kwa njaa, si kwa ubaya. Wengine wakafuata. Wakubwa kwa vifaranga, wote wakaishia kwenye ugali. Bibi aliingia majini, khanga ikamlowa hadi kiunoni.

"Nyie, mtatwangiwa na nani?"

"Bibi, nunua mashine!" wakamjibu, na ufuko mzima ukacheka.

Siku hizi konokono wamejaa. Mwalimu wa pale shuleni aliniambia yule mrefu, aliyechongoka kama skrubu, ni mgeni, katoka mbali, na hakuna ajuaye alipanda basi gani. Yule wa mviringo ni mwenyeji, na ndiye anayebeba kichocho. Watoto wa shangazi wanakojoa damu. Wanameza vidonge, wanapona, wanakwenda kuoga, inarudi. Mwisho shangazi akaziba njia ya mtoni kwa miiba.

Bibi bado yupo. Macho yamekwisha, miguu imevimba. Aliposikia sauti yangu akaninyooshea mkono.

"Mume wangu, umekuja? Mkeo nimefungwa humu. Nipeleke mtoni nikaoshe miguu, mara moja tu kabla sijaondoka."

Shangazi, nyuma yake, akatikisa kichwa.

Nikaruka miiba, nikaenda peke yangu na ndoo. Jiwe lipo, limevaa utelezi. Kila nilipokanyaga, konokono walipasuka chini ya viatu vyangu, ko, ko. Nikasimama nisikilize. Kimya. Kumbe ni mimi tu niliyekuwa natwanga.

Maji yale shangazi aliyachemsha mpaka yakafoka, tukayaacha yapoe. Nikamketisha bibi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni, nikaanza kumsugua.

"Ya mtoni haya?"

"Ya mtoni, bibi."

"Ndaga fijo, mume wangu." Asante sana. Uso ukamlainika. Kisha akainama, akalitegea beseni sikio, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mbona hawatwangi?" akauliza. "Wamelala?"

Mimi, ambaye nikianza kuongea hata redio huomba kupumzika, nikainamisha kichwa, nikaendelea kusugua visigino.