Harufu Mezani kwa Lesieli

Mungu anisamehe, maana chakula ni baraka yake, lakini tangu Jumapili ile ya watoto siwezi kuona mbavu za kondoo bila moyo kunichafuka. Nikipita dukani mbele ya friji la nyama naangalia pembeni, kama mtu aliyemkuta jirani yake hajavaa.

Nataka niwasimulie habari za Lesieli, jirani yangu. Sisi Watonga tuliokuja kuchuma zabibu huku Australia, kando ya mto Murray, tuko wengi, na maneno yetu ni mengi zaidi. Kanisani walisema Lesieli anajifanya Mzungu. Walisema anawanyima watoto chakula. Mimi nilikuwa naingia jikoni kwake kila Jumanne, kwa hiyo nitasema niliyoyaona, na niliyoyanusa.

Aliwatoa watoto wake shuleni mwaka ule mumewe, Folau, alipokatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto kwa sababu ya kisukari. Semisi, mdogo, alikuwa na miaka tisa na mwili wa mtu mzima. Wenzake shuleni walikuwa wakimpiga tumbo kama ngoma na kucheka. Fifita, dada yake wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameanza kuficha biskuti chini ya godoro, na panya wakamfuata kitandani. Lesieli akasema, basi, nitawafundisha mwenyewe. Akaomba kibali, akapewa. Alfajiri anapakia zabibu bandani, saa tatu amesharudi, meza ya jikoni inafutwa, shule imeanza. Mimi nikapewa somo la kusuka mikeka, maana darasani kwenyewe sikufika mbali.

Masomo mengine yalikuwa ya kutia kinyaa, nasema kweli. Siku moja alichemsha chupa nzima ya soda mpaka ikabaki ute mweusi unaonata kama lami, akampa Semisi kijiko auvute. Ulivutika kama kamasi. Siku nyingine ilikuwa zamu ya sipi, ndivyo tunavyoziita zile mbavu za kondoo zenye mafuta kuliko nyama. Alizichemsha, akaiacha sufuria kwenye friji, asubuhi tukafunua. Juu palikuwa pameganda tabaka nene jeupe, kama ngozi ya mtu aliyekaa sana majini. Fifita alilikata kwa kisu, akalipima kwenye mizani, akapiga hesabu ya kiasi gani baba yake anakula kwa mwaka. Kisha mama yake akamwambia aweke uzi katikati, akawasha. Likawaka! Mshumaa wa kondoo. Jikoni pakanuka manyoya yaliyoungua, na Semisi akakimbilia mlangoni.

"Sasa hiyo ndiyo iko kwenye damu ya baba?" akauliza huku ameziba pua.

"Ndiyo hiyo," akasema mama yake. "Haya rudi, tufanye hesabu ya kugawanya."

Mshumaa ule ulibaki dirishani, na inzi waliokwama juu yake.

Msidhani chakula chenyewe kipya kilikuwa kitamu. Asubuhi walikunywa kitu cha kijani, spinachi na tango na sijui nini, kimesagwa kwenye blenda, kinateleza kooni kama kilichomo kwenye madimbwi ya mto ukikauka. Nilikionja mara moja kwa adabu. Nilikimeza huku nikimtaja Yesu moyoni.

Watoto walizoea. Folau hakuzoea. Alikula viazi vya kuchemsha na samaki bila mafuta, kichwa kimeinama kama mfungwa, halafu jioni anapotea kwa rafiki zake na kurudi midomo inang'aa.

"Umekula wapi?" Lesieli anamuuliza.

"Nimekula nini? Nimekunywa maji kwa Pita."

"Maji ya kwa Pita siku hizi yana mafuta?"

"Mwanamke, acha kuninusa kama polisi."

Lakini daktari alikuwa amesema wazi, na Lesieli alinirudia maneno yake kwenye uzio: kidonda kile kikioza tena, safari hii wanakata chini ya goti. Nesi alikuwa anakuja Jumatatu na Alhamisi kukifungua, kukisafisha na kukifunga upya. Kilikuwa kinapona. Nyama ilikuwa nyekundu safi. Lesieli alinieleza wekundu ule kama mtu anayesifia ua.

Ndipo akaja Toakase kutoka Sydney.

Toakase ni dada mkubwa wa Folau, shangazi wa watoto. Kwetu shangazi ndiye mkubwa wa wote. Akitaka godoro lako, ni lake. Akisema mtoto ale, mtoto anakula, na baba mtu hana mdomo. Na tena kaka na dada wana heshima yao: hawalali chini ya paa moja, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao, hata na mtu wa tatu. Folau akahamia banda la gari. Toakase alijua tu kwamba mdogo wake "anaumwa mguu kidogo". Habari za vidole hakuna aliyempa, na hakuna ambaye angeweza.

Alifika wiki moja kabla ya Jumapili ya watoto, ile ambayo watoto wanasimama kanisani kusema aya zao na baadaye ukoo unakula. Alikuja na kasha kubwa la barafu limejaa sipi, makopo ya nyama, na keki mbili zenye sukari ya bluu juu. Alifungua friji la Lesieli, akatazama.

"Wifi, huku ndani kuna sungura?"

"Ni mboga, dada."

"Naona. Nimeuliza sungura yuko wapi."

Akacheka mwenyewe. Ni mwanamke mcheshi, mwenye moyo mkubwa, msije mkamchukia. Alijua kupenda kwa njia moja tu, kwa sahani.

Siku ya pili Folau alimwita mkewe kule bandani. "Mwambie nesi asije mpaka dada aondoke."

"Folau, na kidonda?"

"Kitasubiri."

"Kidonda hakisubiri, baba Fifita."

"Nitavuliwa soksi nyumba aliyomo dada yangu? Una wazimu? Harufu ya dawa ataisikia. Mwambie asije."

Nesi akarudishwa mlangoni. Lesieli alijaribu kukifungua mwenyewe bandani, Folau akamzuia mkono, maana dada yake alikuwa na tabia ya kutembea uani akiimba. Kila siku soksi ile ile, na Jumapili akaikandamiza kwenye kiatu cheusi cha ngozi, cha kanisani, kilichobana. Lesieli alinililia begani. "Mama Vaiola, ninafanyaje? Nikimtajia wifi mwili wa mdogo wake nimemvunjia heshima mume wangu mbele ya ukoo wote. Nisipomtajia, mguu unakwenda." Tulisali.

Jumapili ilikuwa nzuri asubuhi. Semisi alisema aya yake bila kukwama, nikalia kidogo. Tukarudi kwa Lesieli, meza zimepangwa uani chini ya paa la kuegeshea gari, na Toakase akakaa kwenye kichwa cha meza, mahali pake. Mimi nilikaa ubavuni kwake kumfukuzia inzi. Folau akakaa mbali, mwisho wa meza, kama inavyotakiwa, mkeka wake wa heshima umefungwa kiunoni, kama desturi yetu, na miguu ameificha chini ya kiti.

Chakula kikaja. Sipi zilizofungwa kwenye majani ya magimbi na tui, nguruwe na ngozi yake, nyama ya kopo, zile keki za bluu. Ni mwezi wa tano, huku kuna baridi, mafuta yanaganda upesi. Kwenye sahani yaliganda. Kwenye vidole vya watu yaliganda. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa anaongea na mimi na midomo yake ina ukoko mweupe kama ya ndama anyonyaye. Niliangalia chini.

"Semisi, kula!" Toakase akaita. "Umekonda kama kijiti cha mzabibu. Mama yako anakulisha majani, wewe ni mbuzi?"

Watu wakacheka. Semisi akachukua kipande, akamtazama mama yake, akala. Fifita aliweka chake mdomoni akakishikilia hapo, shavu limevimba, macho yamejaa machozi. Najua alikuwa anauona mshumaa.

"Na wewe Folau! Mdogo wangu, sogeza sahani. Mpeni huyo nyama yenye mafuta, mkewe anataka kumrudisha kwa Mungu akiwa mwepesi."

Folau hawezi kumkatalia dada yake. Alikula. Kipande, na kipande, mafuta yanamchuruzika kwenye kidevu. Lesieli alikuwa amesimama nyuma yake na sinia, uso wake kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua huku ameambiwa asipige kelele.

Kisha upepo ukageuka.

Mimi niliisikia harufu kwanza. Ilikuja tamu tamu, kama tunda lililosahauliwa kwenye mfuko, halafu chini ya utamu ule pakaja uvundo mzito unaokaa kwenye ulimi. Nilimeza mate yakawa na ladha yake. Toakase akaacha kutafuna. Akainua kipande chake puani. Akakirudisha. Akavuta sinia, akapekua majani ya magimbi kwa vidole, akinusa kifurushi kimoja kimoja, pua imekunjamana.

"Wifi," akasema, "nyama hii imeoza?"

"Hapana, dada. Niliitoa kwenye barafu leo."

"Basi kuna kitu kimeoza. Ni nguruwe?" Akavuta sahani ya nguruwe, akainama, akanusa. "Siyo nguruwe. Mama Vaiola, wewe husikii?"

"Nasikia," nikasema.

Inzi walikuwa wameniacha mimi na upepeo wangu. Walikuwa wamekwenda mwisho wa meza, chini, kwenye kiti cha Folau. Watu waliokaa jirani naye walianza kusogeza viti vyao taratibu, kila mmoja akijifanya anatafuta chumvi. Folau hakuinua uso. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile.

"Nauliza," Toakase akapaza sauti, "ni nyama gani hii inayonuka mezani kwangu?"

Lesieli aliweka sinia chini. Akapiga magoti kwenye saruji mbele ya wifi yake, kama tunavyopiga tukimletea mkubwa kitu, ila mikono yake ilikuwa mitupu.

"Siyo ya kondoo, dada," akasema.

Basi.

Toakase alimtazama. Nikaona inavyomwingia, polepole, kuanzia kwenye pua kwenda machoni. Bado alikuwa na nyama mdomoni. Akaitema kwenye kiganja chake mwenyewe, akakitazama kile kitonge cheupe cha mafuta na mate, na mabega yakamruka kama anataka kutapika. Hakugeuka kumwangalia mdogo wake. Heshima haikumruhusu, na hata angeruhusiwa, sidhani angeweza. Alitazama mbele, kwenye keki ya bluu.

"Folau."

"Naam, dada."

"Weka hiyo sahani chini."

Akaweka.

"Mama Vaiola ana gari. Ingia. Lesieli nenda naye. Na wewe Folau, unisikie mbele ya watu hawa wote. Kuanzia leo sahani atakayokupa mkeo ni sahani niliyokupa mimi. Ukiikataa, umenikataa mimi. Nesi akija, mimi nitakwenda kukaa kanisani mpaka amalize. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Njia ya hospitali sitaisahau. Tulifungua vioo vyote. Lesieli alimkumbatia mumewe kiti cha nyuma, uso wake umelala kwenye shingo yake, wala hakuziba pua. Mimi niliimba tenzi nikipumulia mdomo, na kila niliponyamaza kuvuta pumzi harufu iliniingia, ikaniingia mpaka kwenye nguo. Gauni lile la kanisani nimelifua mara nyingi na bado sijalivaa. Pale hospitali kiatu hakikuvuliwa. Walikikata kwa mkasi. Soksi ilikuwa imekuwa kitu kimoja na mguu. Nilitoka nje, nikatapika sipi yangu yote kwenye maua yao.

Walichukua kidole kingine na kipande cha unyayo. Goti halikuguswa. Daktari alisema kama tungechelewa siku chache zaidi angeongea mengine. Lesieli alibusu ukuta wa korido, watu wanamtazama.

Toakase hakurudi Sydney mwezi ule. Zile sipi zilizobaki alizitupa mwenyewe, na mshumaa wa dirishani pia, akisema anashindwa kula mbele ya maiti ya kondoo. Folau aliporudi bado alikuwa analala bandani, lakini chakula alikuja kula mezani, upande wa mbali, na watoto wakiwa katikati na vitabu vyao.

Jumanne nilikwenda na majani yangu ya kusuka nikawakuta wamekaa hivyo. Lesieli alikuwa amemimina kile kinywaji cha kijani kwenye glasi, na Folau amekigeuzia uso. Toakase akanyoosha mkono, akachukua glasi ya kwanza, maana ya kwanza ni yake. Akafumba macho. Akanywa nusu nzima kwa mfululizo. Uso ulimkunjamana wote, ulimi ukatoka nje umegeuka kijani, na Semisi akaanguka chini kwa kicheko.

"Mavi ya ng'ombe," akasema Toakase, akifuta mdomo kwa mkono. "Wifi, Mungu anakuona. Mavi matupu ya ng'ombe."

Kisha akaigonga glasi mezani, akitazama dirishani.

"Folau. Kunywa."

Akanywa.