Mrija wa Baba Mkubwa

Kwetu magharibi busaa, pombe yetu ya nafaka, haina msimu. Mtoto akizaliwa watu hukizunguka chungu, mzee akizikwa watu hukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na aliyenuna hujulikana mara moja kwa sababu hafyonzi. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai, Kericho, kwa hiyo niliijua chupa kabla ya mrija. Kuanzia Londiani hadi Kericho mjini, hakuna baa iliyonishinda.

Nilipopata mchumba, Mkipsigis wa Merigi, mambo yakawa mengine. Baba yake ni mzee wa kanisa. Mchumba aliniambia wazi kwamba babake akisikia hata harufu ya pombe, posa imekufa. Nilimpenda sana msichana yule. Nikaiweka chupa kando, nikamwita baba mkubwa kutoka kijijini awe msemaji wetu, nikamwonya asitaje pombe kabisa. Akaapa.

Tulipokelewa kwa heshima. Tukaletewa mursik, maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa hadi yakawa ya kijivu na makali ya kukunja uso. Baba mkubwa hakuwa ameyaona maishani mwake. Akaonja, akafumba macho, akaonja tena.

"Wakwe, hii imeiva kabisa," akasema. "Sasa mrija iko wapi?"

Baba mkwe akaweka kikombe chini polepole. Nilimchukia baba mkubwa kwa moyo wangu wote. Ndipo nyanya ya mchumba, ambaye wote humwita kogo, akaanza kucheka pale kwenye kiti chake, akacheka hadi akakohoa.

"Huyu anajua kukaa na watu," akasema. "Hata sisi tulikuwa na mrija, kabla ya kanisa. Lakini kijana alikuwa hapewi. Hiyo ilikuwa ya wale wamezeeka." Akanigeukia. "Na wewe, unakunywa?"

Baba mkwe naye akanikazia macho. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, na kitambi cha kutosha kutoa ushahidi. Lakini kogo alikuwa ameshataja sheria, na mimi ni mtu wa kufuata sheria.

"Bado sijafika umri, kogo."

Akanitazama, hasa kitambi. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Akifika, mimi nitakuwa nimezikwa," akasema. "Mpatie msichana saa hii, nikiwa bado naona."