Mama Sekunde na saa aliyoinyamazisha

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Sekunde anafungua kufuli la kibanda chake, anainua mlango wa bati na kuushikiza kwa mpini wa ufagio aliokuwa ameukatia kazi hiyo miaka tisa iliyopita. Kibanda hakizidi upana wa meza moja. Kushoto yupo fundi viatu, kulia lipo duka la simu, na katikati yupo yeye, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, akipangusa kabati la kioo kwa kitambaa ambacho haruhusu mtu mwingine kukigusa.

Mkono wake wa kushoto una saa tatu. Mbili ni za wateja, za kutia ufunguo. Ya tatu, iliyo karibu na kiganja, ni saa janja nyeusi yenye kioo kipana. Si yake, na wala haiuzi. Kila baada ya dakika chache anaitupia jicho, kama mama anayemsikilizia mtoto mwenye homa.

“Leo ni siku ya tatu,” anasema. “Haijalia hata mara moja. Ningefurahi ilie, lakini hailii.”

Watu wa mtaa wamezoea kumwona na saa hadi kwenye kiwiko. Wapo wanaomtania kwamba ana saa nyingi na bado huchelewa kufungua. Lakini hiyo ndiyo kanuni aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambaye pia alikuwa fundi saa: saa ikishatengenezwa hairudi kwa mwenyewe mpaka fundi aivae siku tatu.

“Baba alikuwa akisema siku ya kwanza saa inakuonea haya, ya pili inakuzoea, ya tatu ndiyo inaonyesha tabia zake,” anaeleza huku akipachika lenzi jichoni. “Ukiivaa ukaona inakwenda vizuri, basi unamrudishia mtu kwa amani. Na kama mtu bado analalamika, ujue tatizo haliko kwenye saa.”

Siku ya kumkabidhi mteja, ana maneno yake ambayo hayabadiliki: “Saa ni nzima.” Basi. Hasifii kazi yake wala hatii chumvi.

Kwa maneno hayo amesomesha watoto watatu. Zamani alipokea saa ishirini na tano kwa wiki, na jina la Mama Sekunde alilipata wakati huo, kwa sababu mtu akimwambia saa yake inachelewa, swali lake la kwanza lilikuwa, “Sekunde ngapi?” Sasa akipata saa tano kwa wiki anashukuru, na tatu kati ya hizo zinataka betri tu. Siku nyingine kazi pekee inayomjia ni rimoti ya televisheni iliyogoma.

Saa janja ziliingia mtaani miaka mitatu iliyopita kupitia duka la simu la jirani yake, kijana wa miaka thelathini na moja ambaye watu wote humwita Chaja. Alileta ishirini kwa mkupuo, akazipanga mbele ya duka, zikawa zinawaka na kuzima. Mama Sekunde alizitazama kutoka kwenye kiti chake na uso wa mbuzi.

“Saa gani hiyo inakula umeme kila usiku kama friji?” alimuuliza.

“Dada, hii inakuhesabia hatua, inakupima usingizi, inakusikiliza hadi moyo.”

“Moyo wangu nausikia mwenyewe. Na nikilala, najua kwamba nililala.”

“Dunia inaelekea huku, dada.”

“Iende salama. Mdogo wangu, zikishika hizo mtaa huu, nitafunga kibanda nije kukupangusia vioo.”

Mabishano hayo yakawa chai ya asubuhi ya pande zote mbili. Fundi viatu ndiye aliyekuwa mwamuzi, na kwa kuwa viatu vyake vilikuwa bado havijatishiwa na umeme, aliupa kila upande ushindi kwa zamu. Wasambazaji walipokuja kufundisha mafundi namna ya kuzitunza saa hizo, siku mbili, bila malipo, Chaja alimwandikisha jirani yake. Mama Sekunde alilikata jina lake kwa kalamu mbele ya watu.

“Nilitaka wanione,” anasema. “Nilikuwa na kichwa kigumu, na nilikuwa na watazamaji.”

Mzee wa Stesheni ni mteja aliyemrithi kutoka kwa baba yake. Alikuwa msimamizi wa stesheni ya treni hadi alipostaafu, na sasa ana miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini alileta saa yake ile ile ya kutia ufunguo, akasubiri siku zake tatu bila kunung’unika, kisha akaja kuichukua dakika ile ile waliyopatana. Wawili hao walikuwa na utani wao. Fundi akisema, “Saa ni nzima, Mzee,” Mzee alijibu, “Na mwenyewe je?” Na fundi alimalizia, “Mwenyewe hatuna spea zake.”

Mwaka jana binti wa Mzee anayefanya kazi nchi nyingine alimletea saa janja. Mzee akaivaa ili asimvunje moyo mtoto. Baada ya wiki chache, Jumatatu moja saa nne asubuhi, akafika kibandani amekunja uso.

“Fundi, hii kitu inanisumbua. Siku ya nne leo inatetema na kulia. Nikila inalia, nikisoma gazeti inalia. Mama watoto amenihamishia sebuleni.”

Duka la Chaja lilikuwa limefungwa, mwenyewe alikwenda kufuata mzigo. Mama Sekunde akaishika saa ile kwa ncha za vidole. Akaona kwenye kioo picha ya moyo mdogo mwekundu, na chini yake maandishi madogo ambayo hakujihangaisha kuyasoma.

“Mzee!” akasema. “Nani huyo anakutumia mioyo asubuhi yote hii?”

Mzee wa Stesheni alicheka mpaka akashika meza. Fundi viatu naye akavunjika mbavu. Katikati ya kicheko hicho, Mama Sekunde akabonyeza huku na huku, akaikuta picha ya kengele, akaigusa mpaka ikapigwa mstari. Sauti ikazimika. Akatafuta mtetemo, nao akauzima. Kazi nzima haikufika dakika tano, na hakutoza chochote.

“Kazi ya kubonyeza?” anasema sasa, akitikisa kichwa. “Niliona aibu hata kuiita kazi.”

Alimrudishia pale pale. Hakuiandika kwenye daftari, hakuitundika msumarini, hakuivaa. Lakini maneno ya kukabidhi aliyasema, kwa mazoea. Na Mzee naye akajibu kwa mazoea, “Na mwenyewe je?”

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, Mzee wa Stesheni alianguka akifunga vifungo vya shati. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi na ulimi ukawa mzito. Daktari aliiambia familia kwamba mapigo ya moyo wake yalikuwa yakienda ovyo kwa muda, na kwamba mapigo ya namna hiyo huweza kugandisha damu ikapanda kichwani. Hakusema kwamba wangeweza kuzuia. Alisema angependa wangekuja mapema.

Mama Sekunde alizipata habari akiwa na koleo mkononi. Moyo. Mapigo. Akakumbuka ile picha nyekundu.

“Ningeivaa siku tatu tu,” anasema, “ingenyamaza mkononi mwangu. Kimya kabisa. Ningejua saa haina ubovu. Ningemwambia, Mzee, mwenye tatizo ni wewe, nenda hospitali. Kazi niliyofundishwa nikiwa na miaka kumi na nne ingemsaidia. Nikaiacha kwa sababu ya dharau.”

Kilichofuata ndicho kinachomuumiza zaidi. Mke wa Mzee, ambaye hakujua kwamba mumewe alipita kibandani siku ile, alimweleza kila aliyekuja kumpa pole kwamba saa ile ilikuwa utapeli mtupu. Iliwapigia kelele za bure siku nne, kisha mume wake alianguka nayo mkononi, na haikusema kitu. Habari ikazunguka mtaa mzima. Wateja watatu walimrudishia Chaja saa zao. Nyingine tisa ziko hadi leo kabatini mwake, zimefunikwa karatasi ya nailoni.

Chaja alijitetea bila kuchoka. “Labda iliishiwa chaji,” alikuwa akisema. “Labda kuna mtu aliizima.” Jirani yake alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo, ameinamia meza. Fundi viatu alimtazama mara moja, akarudi kwenye soli yake.

Miezi minane ilipita hivyo. Watu walisimama mbele ya kibanda kumpongeza: wewe uliona mbali, wewe ulisema tangu mwanzo hazitashika. Alitikisa kichwa, wao wakadhani ni unyenyekevu.

Mwezi uliopita mke wa Mzee alikuja mwenyewe. Alileta saa ya zamani ya mumewe, ile ya ufunguo, kwa kuwa Mzee alikuwa ameiashiria kwa kidole tangu asubuhi. Akaiweka mezani na kusema, “Mwanangu, wewe ndiye uliyetuambia kweli. Tungekusikiliza.”

“Afadhali angenichapa kofi,” anasema Mama Sekunde.

Saa ile aliisafisha, akaivaa siku tatu, halafu ikakaa kwake siku nyingine kumi na tano bila sababu yoyote ya ufundi. Jumanne wiki hii alipiga moyo konde. Alianza na duka la jirani. Alimwambia Chaja kila kitu, na Chaja, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, alizungusha tu waya wa simu kidoleni.

“Nilikasirika, siwezi kuficha,” anakiri kijana huyo. “Nimepoteza wateja. Lakini nilimtazama nikaona ameshajiadhibu. Nikamwambia, dada, nenda kwa wenyewe kwanza. Mimi nitakungoja.”

Alikwenda jioni hiyo hiyo. Mzee wa Stesheni alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto. Mke wake alikuwa akikunja nguo kitandani. Mama Sekunde aliiweka saa ya ufunguo mezani, lakini hakukaa. Alisema akiwa amesimama: siku aliyokuja Mzee, moyo mwekundu, utani, kengele. Alisema saa ilisema siku nne mfululizo, na yeye ndiye aliyeifunga mdomo.

Mzee alianza kuinua mkono wake mzima na kuupunga, hapana, hapana. “Mi...” alisema. “Mimi.” Akajipiga kifuani. Alitaka ijulikane kwamba yeye ndiye aliyeomba izimwe. Huenda kwa miezi minane alikuwa akijaribu kulisema hilo, au akilificha. Hakuna aliyejua.

Mkewe hakumtazama mume wala mgeni. Aliikunja shuka aliyokuwa nayo mpaka mwisho.

“Uliivaa siku tatu?” aliuliza.

“Sikuivaa, Mama.”

“Hata moja?”

“Hata moja.”

Mama yule akaenda kwenye droo, akaitoa saa janja pamoja na waya wake wa chaji, akamwekea kiganjani. “Ivae,” akasema. Kisha akarudi kwenye nguo zake.

Ndiyo saa hii iliyo mkononi mwake leo. Chaja alimfundisha kurudisha kengele na mtetemo, na kusoma kila picha inayotokea kwenye kioo. Alimwandikia maana zake kwenye karatasi, naye ameibandika ukutani juu ya misumari. Wamekubaliana kwamba kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi mchana atakaa upande wa duka la simu kujifunza. Yeye mwenyewe amenunua ubao mdogo na kuandika kwa rangi nyeupe: “Hapa hatuzimi mlio kabla ya kujua saa inasema nini.” Mstari wa pili bado unakauka: “Saa janja nazo huvaliwa siku tatu.”

Je, anaamini sasa zitashika?

“Usiniulize hilo,” anasema. “Nilikuwa na jibu lake kila asubuhi, tena kwa sauti kubwa. Watu watavaa wanachotaka. Mimi ninataka tu mtu akileta kitu mezani kwangu, nikipe siku zake.”

Anasema ana ombi moja ambalo hajapata ujasiri wa kulitamka: aruhusiwe kwenda kwa Mzee kila wiki kuiangalia saa hiyo.

Saa tisa alasiri anashusha mlango wa bati. Nyumba ya Mzee iko mtaa wa tatu. Mke wa Mzee anafungua, hatabasamu, lakini anasogea kumpisha. Mgeni anaivua saa na kumnyooshea. Mama yule haipokei.

“Mvalishe mwenyewe.”

Mama Sekunde anapiga magoti mbele ya kiti. Alama kwenye mkanda inaonyesha kwamba Mzee alizoea tundu la tano. Sasa tundu hilo linalegea, mkono umekonda. Anasogeza hadi la sita, kisha la saba, na anaacha kidole chake pale kwa muda kuhakikisha haibani.

“Saa ni nzima, Mzee,” anasema.

Mzee wa Stesheni anamtazama. Midomo yake inajikusanya upande mmoja.

“Na...” anasema. Anapumua. “Na mwe...”

Mama Sekunde anajua neno linalofuata, amelisikia miaka thelathini. Halitamki. Anabaki amepiga magoti, anamngoja alimalize mwenyewe.