Kutu Niliyomtengenezea Mume Wangu

Nisiseme uongo, nilikuwa mke mwenye maneno. Mume wangu alisimamia injini ya mashine ya kukoboa mpunga pale Mbuchi, enzi za Mwingereza, vita vilipofanya mafuta yawe adimu. Injini ililishwa gesi ya mkaa wa mikoko, na gesi ile ilinuka yai viza. Akirudi nafukiza udi, nanuna, namwambia akalale barazani na uvundo wake.

"Ndio unaotulisha huo," ananijibu, anacheka.

Aliyejali ni tajiri mwenye mashine, maana salfa iliyomo kwenye gesi ilikuwa inakula shaba za injini. Akaleta sanduku la bati, gesi ipitie humo kwanza, ndani mwake muwe na unga wa mbao uliochanganywa na kutu. Kutu huikamata salfa, na uvundo wake. Mume wangu akaniuliza kama naweza kuitengeneza. Wee, niliirukia kazi ile! Nilitandaza vumbi la chuma uani, nikalinyunyizia maji ya chumvi asubuhi na jioni, nikaligeuza kwa kijiti mpaka likawa jekundu. Kutu ya sandukuni ikishaingia weusi, naleta mpya hata sijaombwa. Harufu ikaisha kabisa. Nilijisifu kisimani mpaka wenzangu wakachoka.

Siku moja ya mvua mume wangu alifunga milango ya chumba cha injini mkaa usilowe, akawa anazungusha feni ya mkono ya kuvuta gesi ili aiwashe injini. Bomba la kutoka sandukuni lilikuwa limeachia, gesi ikamwagika mle ndani. Walimkuta ameegemea ukuta, ameshafariki. Fundi aliyeitwa kutoka mjini aliwaeleza jamaa kwamba gesi inayoua haina harufu. Kinachonuka ni salfa tu, na kama ingekuwamo, marehemu angetoka mbio. Nilimsikia nikiwa nyuma ya pazia.

Watu walinambia kazi ya Mungu haina makosa. Naamini hivyo. Lakini kutu ile niliitengeneza mimi, kwa mikono yangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nikiwa bado edani, mke wa msimamizi mpya alikuja kunipa pole. Alikaa sana, mwishowe akasema, "Dada, nifundishe ile kutu. Mume wangu ananuka, hata kukaa naye siwezi."

Nilimweleza yote, nikamsihi amwache anuke. Aliitikia kwa adabu, akaaga. Nilipochungulia dirishani nilimwona uani, ameinama, anazoa kutu yangu iliyobaki na kuitia kwenye kanga.