Mume wa Kijiweni

Kijana mmoja wa bodaboda, wa kijiwe cha Barabara ya Kumi na Mbili, alikuwa mume wa nusu ya wanawake wa Ngamiani. Mwenyewe kapera, hajawahi hata kuposa. Lakini kliniki tuliyokuwa tukienda, mjamzito akifika mara ya kwanza bila mwenzi wake alirudishwa: akamlete mume wapimwe damu pamoja, au akaandikiwe na viongozi wa mtaa kwamba hana. Nani anataka mtaa mzima ujue kwamba hana? Basi wanawake wakawa wanapitia kijiweni. Kijana anafunga vifungo vya shati, anakaa benchi na "mkewe", anatoa kidole, anachomwa. Nesi akimwona aliguna, "Baba, wewe tena?"

"Damu yangu itakwisha kwa ndoa hizi," alikuwa akitutania.

Mimi nauza vitumbua, na wakati huo nilikuwa katika kikundi cha wanawake kilichokutana uani kwa Mwalimu. Mwalimu ndiye aliyekuwa kiongozi wetu: Mshambaa, Mlutheri, mstaafu, mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma. Wapo wanaoitwa watetezi wa haki kwa sababu wamegawiwa fulana. Yeye alikuwa mtetezi kwa sababu kunyamaza kulimshinda. Alipigania wasichana waliopata mimba warudi darasani, wakati ambapo kulisema hilo kulikuwa kujitafutia ubaya. Nilimpenda, na alinichosha.

Aliposikia habari za mume wa kijiweni hakucheka.

"Tukiendelea kupeleka waume wa kukodi," alisema, "kliniki wataona kila mwanamke ana mume, na utaratibu wao hauna kasoro. Mwanamke apimwe kwa kuwa ana mimba. Basi."

"Mwalimu," nikamwambia, "mimba haisubiri vikao."

Akanitazama kama mtoto aliyekosa hesabu nyepesi. "Ndiyo maana tunaharakisha vikao."

Wengi walinyoosha mikono upande wake. Kesho yake alikwenda kijiweni mwenyewe. Kijana akashuka kwenye pikipiki, akamwamkia shikamoo, na akaapa mbele yake, kwa jina la Mungu, kwamba hataoa tena kliniki. Alikuwa wa dini yangu, si ya Mwalimu, lakini kiapo ni kiapo. Alikishika.

Jirani yangu alikuwa binti aliyeishi na bibi yake na kukaanga mihogo mbele ya nyumba yao. Mtu wake alipoambiwa kuna mimba alikwenda machimboni, na simu yake ikazimika moja kwa moja. Miguu ya binti ikaanza kuvimba. Nikamwambia Mwalimu, na Mwalimu akasema vema, tutampeleka sisi, bila mume, tuone.

Tukaona. Nesi alimuuliza, "Mume wako yuko wapi?" Binti akasema hayupo. Nesi akasema akamlete. Hapo Mwalimu akasimama, akazungumza kuhusu haki, na kuhusu mwongozo ambao haumruhusu mtu kumrudisha mjamzito, na kila neno alilosema lilikuwa kweli. Nesi naye alikuwa amechoka tangu asubuhi. "Mama, mimi nafuata nilivyoagizwa." Sauti zikapanda. Benchi zima likageuka kumtazama, si Mwalimu, binti. Alijifunika kanga uso mzima, na tukarudi naye hivyo hivyo hadi nyumbani, hakuna aliyempima hata presha.

Baada ya hapo alikataa kutoka. Nilimsihi twende hospitali nyingine, nikamgombeza, nikambembeleza. "Sitaki tena kutazamwa, mama," akasema. Bibi yake alimkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi.

Kijana wa bodaboda akaja kwangu, asubuhi, vitumbua vikiwa bado jikoni. Hakuwa na utani.

"Mama, yule dada ndala hazimwingii tena. Jana ananiambia kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu. Nimemwambia nitampeleka kimya kimya, tukae pale kama mtu na mkewe, apimwe. Amekubali. Lakini nimeapa kwa Mwalimu. Mwambie anifungue."

Nilikwenda kwa Mwalimu aproni ikiwa bado kiunoni. Nilimkuta anajiandaa kwa kikao cha wakubwa kule Raskazone, kikao alichokihangaikia miezi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Sitasema hakujali, nitakuwa mwongo. Alishika kichwa. Kisha akasema:

"Kikao ni wiki ijayo. Nikiwawekea huyu mbele hawatakuwa na la kusema. Akipelekwa leo na mume wa uongo, wataniuliza, sasa shida iko wapi? Mfano unakufa."

Nikamwambia maneno ambayo hayafai kwa mtu aliyenizidi umri. Hakumfungua kijana.

Kikao tulishinda. Nilikuwepo, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi na maji ya chupa. Wakubwa waliinamisha vichwa, wakakubali kwamba ni makosa, wakaahidi tangazo litabandikwa. Mwalimu alitoka nje akilia kwa furaha, na ni hapo barazani, magari yakipita, ndipo simu yangu ilipoita. Binti alikuwa ameanguka kwa degedege pembeni mwa karai la mihogo. Walipomfikisha hospitali, yeye na mtoto wote walikuwa wameshakwenda.

Nilikuwa nimesema tangu mwanzo. Sijui watu wanaojisifu kwamba walisema huwa wanapata raha gani. Mimi sikupata kitu.

Siku ya maziko wanawake tulikaa ukumbini nyumbani kwa bibi yake, wanaume nje. Mwalimu alikaa karibu na mlango, ushungi wa kuazima kichwani, na hakuna aliyemkaribisha mbele. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, sheikh aliuliza kama anavyouliza siku zote, nani wa kubeba madeni ya marehemu. Halafu akauliza, "Mume wake yuko wapi?"

Bibi akajifunika kanga, kwa maana mtaa wote ulikuwa pale ukisubiri aibu hiyo isemwe. Ndipo nikasikia sauti ya kijana wa bodaboda.

"Nipo hapa. Mimi ndiye mume wake."

Hakuna aliyembishia. Mwalimu aliuma ncha ya ushungi, na mpaka jeneza linatoka hakuinua macho. Kikundi hakikukutana tena. Yeye yuko kwao Lushoto sasa, na simu yangu haipokei.

Tangazo lilibandikwa kweli. Liko ukutani, herufi kubwa, hakuna mjamzito atakayerudishwa kwa kukosa mwenzi. Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu pale. Nesi mwingine, mgeni, amekaa chini ya tangazo hilo hilo, akamuuliza, "Mume wako yuko wapi?" Nikanyoosha kidole ukutani. Akasema hilo la zamani, yeye hajaagizwa hivyo.

Sikugombana. Nguvu za kugombana zilikuwa za Mwalimu. Nilimshika mpwa wangu mkono tukaenda kijiweni, kwa kijana, nikamwomba avae shati lenye vifungo.

Alinisikiliza kwa adabu, akiwa ameegemea pikipiki. "Mtafutieni mwingine, mama," akasema. "Mimi ni mgane."